Mafunzo ya QGIS (programu ya kutengeneza ramani) Jumamosi: mahali pamebadilika

Habari za jioni wanakikundi,

Poleni na majukumu. Ukumbi wa Sinza umechukuliwa na watu wa harusi, kwa hiyo tutakutana Mabibo, ofisi ya serikali ya mtaa, saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana.

1. Pakueni QGIS nyumbani. Ni bure, ila faili ni zito. Mara iliyopita mliivamia simu yangu, bando likaisha hata chai haijamiminwa! Anayekwama aniambie, nitakuja nayo kwenye flashi.

2. Mwongozo wa mafunzo upo bure kwenye tovuti ya QGIS. Someni sehemu ya projeksheni tu (namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa), kwa sababu ndiyo iliyotutesa. Kwa Dar tunatumia UTM, projeksheni inayoigawa dunia katika kanda, kanda ya 37 kusini (namba yake ya kuchagua ndani ya QGIS ni EPSG:32737). Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya mahali. Ukizisoma kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, nyumba zinahama kama mita 300, na mtaa mzima unaweza kuangukia mtoni.

3. Data za mazoezi ni barabara na mifereji ya Tandale kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Nitazileta mwenyewe.

Mchango ni shilingi 5,000 ya chai na bando, imfikie mhazini kabla ya Alhamisi saa 12 jioni.

Anayekuja aandike NAKUJA hapa chini, na aseme kama ana kompyuta au tumpange na mwenzake. Naomba majibu leo, tafadhali, mama wa chai anasubiri idadi.