Mbao iuzwe kwa kipimo chake halisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye mabanda ya mbao wa Dar es Salaam, na pia na wateja wetu sisi maseremala.

Mteja akitaka kitanda cha tano kwa sita, swali lake la kwanza ni bei. Nampigia hesabu hapohapo: mbavu mbili, ubao wa kichwani na wa miguuni, miguu minne, chaga, gundi, misumari, msasa, vanishi, hela ya mashine ya randa, na guta la kubeba mzigo. Vyote hivyo naweza kuvikadiria. Kinachovuruga hesabu ni mbao yenyewe.

Mbao ikiitwa moja kwa nane ya futi 12, mnunuzi anaelewa unene wa inchi 1 na upana wa inchi 8. Shika futi kamba upime. Juzi bandani nilipima moja nikakuta robo tatu ya inchi kwa inchi 7. Moja mara nane ni 8. Robo tatu mara saba ni 5 na robo. Zaidi ya theluthi ya mbao unayolipia haipo, na hapo haijapita kwenye randa.

Wauzaji husema imenywea. Ni kweli, paini nyingi inayoshuka kutoka Mafinga hupasuliwa mbichi, na ikikauka hupungua upana na unene, urefu ukabaki karibu uleule. Lakini kunywea peke yake hakuli inchi nzima kati ya nane. Inayobaki imeliwa kwenye msumeno, gogo linapobanwa litoe mbao nyingi zaidi. Kama mbao ni saba, iandikwe saba na bei yake iwe ya saba. Sipingi mtu kupata faida.

Wateja nao wanielewe jambo moja. Wengi hugawa futi kichwani: ubavu ni futi 6, basi mbao moja ya futi 12 inatoa mbavu mbili. Haitoi. Ubavu unahitaji nafasi ya godoro na ulimi wa kuingia kwenye mguu, nami huukata futi 6 na inchi 3. Kwenye mbao hiyohiyo nakata ubao wa miguuni, futi 5 na inchi 3, na kinachobaki ni kipande cha inchi 6, ukitoa kilicholiwa na msumeno. Mbao ya pili inatoa ubavu wa pili na ubao wa kichwani. Fundi anayekuambia mbao moja inatosha mbavu zote mbili atakurudia kudai nyongeza kazi ikiwa nusu, na ndipo ugomvi unapoanza.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya madukani na pampu za mafuta. Nawaomba wapite na kwenye mabanda ya mbao, kuanzia Buguruni hadi Mbagala, wakiwa na futi kamba, na kila rundo liwekewe kibao chenye unene, upana na urefu uliopimwa siku hiyo. Chaki tu inatosha kuandikia.

Fundi seremala,
Keko Machungwa, Dar es Salaam