Ubeti wa tatu usiufute

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponipigia simu unalia nilikosa la kusema, nikabaki na "pole, mama, pole" mpaka salio likakuishia. Nilikaa barazani hadi mama yako akaniletea kanga ya kujifunika, akidhani nimeshikwa na homa. Kwamba wimbo wako wa Mto Mirongo utapigwa redioni ukikubali kuondoa ubeti wa tatu, ule wa mabomba ya maji taka yanayofunguliwa usiku! Nimeliwaza siku mbili. Usiufute.

Unaikumbuka ile kaseti yenye kasha lililopasuka, niliyokuwa nikiipiga wakati mnachambua mchele? Yule mpiga banjo ni Pete Seeger, Mmarekani. Nyimbo zake mlizijua, maisha yake sikuwahi kuwasimulia, na hilo najilaumu.

Alizaliwa mwaka 1919, akafariki Januari 2014 akiwa na miaka 94, na alikuwa bado anaimba uzeeni. Mwaka 1950 kundi lake, The Weavers, lilishika namba moja Marekani nzima. Kisha ukaja msako wa Wakomunisti, na yeye alikuwa amewahi kuwa mwanachama wao. Mwaka 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akaulizwa ameimba wapi na mbele ya nani. Akawajibu kwamba imani yake na kura yake si mambo ya kuhojiwa, ila wakitaka kuzisikia nyimbo zenyewe, yuko tayari kuwaimbia. Mwaka 1961 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu, lakini televisheni kubwa zilimfungia milango mpaka 1967.

Miaka yote hiyo hakukaa nyumbani kununa. Alibeba banjo yake akaenda shuleni, vyuoni, kwenye kambi za watoto, kwa malipo madogo. Nani angehangaika na mtu anayeimbia watoto? Basi watoto wakakua. Ilipofika miaka ya sitini, wakiandamana kudai haki za Weusi na kupinga vita vya Vietnam, wengi wao nyimbo walikuwa nazo kinywani tayari. Tena hakuwa akiimba peke yake. Alitamka mstari, ukumbi ukaupokea, kama manju wetu, kiongozi wa ngoma za Kisukuma, anavyotupa neno na Bagika, kundi lake la wachezaji, wakalidaka. Uliona mwenyewe kule Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ukiwa mabegani kwangu: manju akiimba watu wakabaki kimya wanamtazama, siku hiyo ameshindwa.

Naye alikuwa na mto wake. Nyumba yake ya magogo, aliyoijenga kwa mikono yake, ilikuwa juu ya mto Hudson, na mto ule viwanda na miji vilikuwa vimeugeuza jalala. Mwaka 1966 yeye na wenzake wakaanza kuchangisha fedha za kuunda mashua ya matanga ya mtindo wa kale, Clearwater, yenye urefu wa futi 106. Ikashushwa majini 1969. Utasema mashua itasafishaje mto? Ilitia nanga mji baada ya mji, watu wakafuata muziki, na walipofika ukingoni wakayaona maji yao. Watoto walipandishwa, wakavuta wavu, wakawashika samaki kwa mikono. Sheria ya Maji Safi ilipopitishwa mwaka 1972, watu wa mashua ile walikuwa miongoni mwa walioipigania.

Lakini kuna jambo moja sitaki ulirudie. Wimbo mmoja uliolipa sifa kundi lake ulitoka Afrika. Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi Johannesburg mwaka 1939 kwa jina la Mbube, yaani simba. Seeger aliupata kwenye sahani ya santuri, neno "uyimbube" likamfikia sikioni kama "wimoweh", ukaenea dunia nzima hivyo. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa masikini. Seeger alimtumia hundi ya dola 1,000, na uzeeni akakiri kwamba alijuta kuwaachia wengine mambo ya fedha. Sasa wewe, kiitikio chako umekiokota kwa akina mama wanaoanika dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Wataje kila unapopanda jukwaani, na siku wimbo ukilipa, uwapelekee chao wewe mwenyewe, mkononi.

Jana nilishuka mpaka darajani. Maji ni meusi, chupa za plastiki zimejazana kwenye nguzo, na korongo mmoja amesimama juu ya tairi. Nilihesabu mabomba manne kabla harufu haijanishinda. Yote hayo yanaingia ziwani, nasi tunakinga ndoo.

Jumanne nilikwenda ile shule iliyo karibu na daraja, nikaomba kipindi cha mwisho cha darasa la tano. Mwalimu wao alinipa ubao, chaki nilikuwa nayo mfukoni. Niliwaandikia ubeti wa tatu wote, neno kwa neno, wakaunakili kwenye madaftari. Pale kwenye "usiku" wanapandisha sauti kukushinda wewe. Mtoto mmoja akauliza nani kautunga. Nikawaambia anakuja Desemba, na gitaa lake.

Baba yako