Mwanahawa, vikombe vyako vimeniokoa

Ujerumani, 12 Julai

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, nimekonda kidogo tu. Mama hajambo? Watoto je? Najua umeninunia tangu Idd, na haki yako. Mchango wa Rukia nao bado sijautuma, Bakari ameshanikumbusha mara mbili kwa ile sauti yake ya mkusanya kodi. Mwambie apumue, wiki hii unakuja.

Ila kilichonikalisha kuandika si mchango. Juzi usiku, saa tano na ushei, nilikuwa nimesimama gizani nje ya kizimba cha umeme mkubwa, peke yangu, nikakusikia wewe. Usicheke.

Unaikumbuka ile mashine niliyokusimulia, ya kutengeneza ayoni za hidrojeni, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme? Gesi inaingia kwenye kikopo cha shaba, inapigwa maikrowevu za gigahezi 2.45, koili za sumaku zinazizungusha elektroni kwa kasi ileile ya mawimbi, gesi inawaka rangi ya waridi. Sumaku inatakiwa militesla 87.5, namba hiyo nitaiota hadi uzeeni. Kikopo na koili zake vyote vimekaa kwenye kilovolti 50, ayoni zinachomokea tundu dogo na kurukia elektrodi ya upande wa pili, ndani ya ombwe, mahali tulipovuta hewa yote. Ikienda vizuri ni raha kuitazama. Lakini wiki tatu hizi haikwenda.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Bila gesi kuwaka, unapandisha umeme hadi 50 na unakaa usiku kucha, kimya. Ukiwasha gesi, nusu saa haifiki, kwenye 38, pap! Saplai ya umeme inajikata. Unawasha tena, pap! Sasa wewe ni fundi, ungesema nini? Ungesema ni gesi. Na sisi tulisema ni gesi.

Nilijitia ujuaji kidogo. Nikamwambia Profesa kwamba kwa ombwe letu, sheria ya Paschen, ile inayosema cheche itaruka kwenye gesi kwa volti ngapi, inakataa: gesi imekuwa haba mno, elektroni inavuka pengo lote la kati ya kikopo na elektrodi bila kugonga molekuli hata moja, cheche itaanzia wapi? Akanitazama kama Mzee Shomari alivyokuwa akitutazama tukikosea kukaza nati. Akasema, sumaku ya koili inamwagikia kwenye pengo. Elektroni haiendi moja kwa moja, inazungushwa, inanaswa humo, safari yake inakuwa ndefu mara elfu, na gesi haba inatosha kuwaka. Ndiyo ile aliyoieleza mwanafizikia Penning. Maelezo mazuri, Mwanahawa. Mazuri hivi kwamba hakuna aliyetaka kuyaacha.

Basi tukafungua mashine. Mara tatu! Na kufungua si kama kufungua sufuria. Unajaza naitrojeni taratibu, unavaa glavu maana alama moja ya kidole itakutolea gesi siku nzima, unasugua kingo za elektrodi hadi uone meno yako, unapangusa kwa spiriti, unafunga, pampu zinavuta usiku kucha. Kisha unaanza kuizoesha umeme: kilovolti moja, subiri, nyingine, subiri, ukiacha vicheche vidogo viunguze vile vincha visivyoonekana kwa macho. Siku mbili zinakwenda hapo. Kila mara ilifika 50 bila neno, tukagongeana mikono. Tukawasha gesi. Pap!

Na kila ukiingia kizimbani, kwanza fimbo ya ethi, ya kuumwaga ardhini umeme uliobaki. Nimehesabu: nanofaradi 2 tu kwenye kilovolti 50 zinabeba nishati ya juli 2.5, na hapo sijahesabu nyaya. Mama usimwambie haya. Wala habari ya eksirei, kwamba elektroni zinazorudi nyuma zikigonga chuma kwa nguvu ile zinatoa eksirei na ndiyo maana tumejifungia nyuma ya madini ya risasi. Mwambie nafundisha.

Nirudi kwenye giza. Wenzangu walikuwa wamekwenda zao. Nikazima taa zote ili nichungulie kwenye kidirisha, nione mwanga unaanzia wapi ndani. Sikuona kitu. Lakini nilisikia. Tssss, ndogo, kama kitumbua kikiguswa na mafuta. Ndipo ukanijia: wewe umekaa uani kwenu, unatusimulia ile laini ya pwani, kukipambazuka alfajiri vikombe, vile vinavyozuia umeme wa waya usishukie nguzo, vinaimba juu ya nguzo kwa sababu ya chumvi ya bahari na umande. Ukasema mvua kubwa haina shida, inaviosha. Kinachoua ni manyunyu baada ya kiangazi kirefu. Wakati ule nilikuwa nasikiliza nusu, nusu nyingine naitazama samaki.

Sauti haikutoka ndani ya ombwe. Mle hakuna hewa ya kubeba sauti! Ilitoka huku nje, kwangu, kwenye hewa hiihii ninayopumua.

Nikageuza macho. Mpira wa maji ya kupozea koili. Ule unaotoka ukutani, kwenye ethi, na kupanda kwenye koili zilizo kwenye kilovolti 38. Juu yake uzi wa rangi ya zambarau ulikuwa unatembea kama sisimizi. Maji tunayapitisha yakiwa nyuzijoto 14. Chumbani siku hiyo ilikuwa 28, unyevu asilimia 60, yaani chochote kilichopoa chini ya 19 kinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Na vumbi unajua linavyovutwa na umeme mkubwa. Vumbi, jasho, basi. Asubuhi nilipoupangusa nikakuta mistari myeusi imechimba kwenye mpira kama mizizi. Wewe mistari hiyo umeiona mara ngapi?

Sasa sikiliza kinachoniuma. Kwa nini ilikuwa inapiga gesi ikiwaka tu? Kwa sababu gesi haiwaki bila koili, na koili haziwashwi bila maji. Wakati wa kuizoesha umeme maji hayahitajiki, na mimi, binti wa nyumba ya mita ya maji, nilikuwa nayafunga. Mimi kwa mkono wangu. Kwenye daftari imeandikwa mara tatu kwa mwandiko wangu, "maji yamefungwa", na mara tatu tuliisoma tukapita. Profesa nimemwonyesha mpira. Hiyo ya daftari bado sijamwambia.

Tumebadilisha mpira, tumepandisha maji hadi 22. Jana imekwenda muda wa saa tisa kwenye 45, kimya. Halafu jioni, kwenye 47, pap. Moja tu. Sijui niseme ndiyo uzoefu wa mpira mpya, au katika kufungua kwetu huko mara tatu tumeikwaruza kauri inayotenga umeme na sasa tuna ugonjwa wa pili tuliojitengenezea wenyewe. Nikiwaza hivyo silali.

Kwa hiyo nijibu, tafadhali, hata kama umenuna. Vikombe mnavyovipaka ile grisi ya silikoni, inakaa muda gani kabla vumbi halijaishinda? Nikiipaka kwenye mpira itanisaidia au itakusanya uchafu zaidi? Kikombe chenye mistari myeusi mnakisafisha au mnakitupa moja kwa moja? Na wewe kwa sikio unatofautishaje kile kinacholalamika tu na kile kitakachopiga leo? Daftari nimwambie Profesa, au niache lijisemee? Jicho la Mzee Shomari limepona? Na ni kweli Rukia amesogeza tarehe tena, au Bakari ananitisha?

Wako,
Zuhura

Barua hii nimeiacha mezani tangu asubuhi. Imepiga tena, 47 ileile. Usiandike, nipigie.