Kabla hujachukua fomu

Tukuyu, Rungwe
9 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Kamwene! Huku mvua haijatupa nafasi, barabara ya kushuka shambani imekuwa utelezi mtupu. Mama anakusalimu, watoto wazima. Barua yako niliisoma ndani ya Coaster nikienda Mbeya, nikapitilizwa Uyole bila kujitambua. Kumbe lile la ubunge halikuwa maneno ya jikoni!

Nimefurahi, na naomba uniamini kwa hilo. Mtu aliyefundisha hesabu huko Njombe, darasani wanafunzi wamebanana kwenye madawati, ana la kusema Dodoma. Ila umeandika: "Nachukua fomu kwanza, ya kazi yatajulikana mbele." Hapo sikubaliani nawe. Ya kazi yanajulikana tangu leo.

Fungua Katiba, Ibara ya 72. Inahusu watumishi wa serikali wanaoamua kugombea: utumishi unahesabika umekoma tangu siku ya kugombea. Siyo siku ya kushinda. Ukishindwa Oktoba, Novemba huna kura wala chaki.

Sasa hesabu, maana wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Uliajiriwa Machi 2011, na hadi mwezi uliopita ulikuwa na michango 168. Pensheni ya kila mwezi ya PSSSF, mfuko wetu watumishi wa umma, inataka michango isiyopungua 180. Ukigombea Agosti utakuwa na 173. Miezi saba, dada! Miaka yote ile ya kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Njombe, ukwame kwa miezi saba. Bado sijagusa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikatika, deni halikatiki.

Unasema sheria hii ni ya kuwakomoa watumishi wadogo. Nusu nakubali, nusu nakataa, na ile nusu ya kukataa ina sura ya shangazi yangu.

Unamkumbuka, yule wa viazi. Mwaka mmoja mbolea ya ruzuku ilipokuja kijijini kwao, aliyeandika majina alikuwa mtumishi ambaye kila mtu alijua anautaka udiwani. Shangazi alikuwa ameonekana kwenye mkutano wa mtu mwingine. Jina lake halikutoka. Alipanda bila mbolea, akavuna viazi vya kukaanga wiki mbili. Huenda jina lilisahaulika tu, karatasi hupotea. Lakini hakuna awezaye kumthibitishia hilo, na tangu hapo hakuwahi kukanyaga mkutano wa mgombea yeyote. Mtumishi yule hakulazimika kumtisha mtu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na watu waliiona.

Wewe una kalamu kubwa kuliko ile. Ni mkuu wa shule. Unasaini uhamisho, unashika fedha za elimu bila malipo, mzazi anakuja ofisini amevua kofia. Tena madarasa yenu hugeuka vituo vya kupigia kura, na walimu walio chini yako ndio huomba kazi ya kusimamia. Mzazi yule akikuahidi kura, ataahidi kwa hiari au kwa ajili ya mtoto wake wa kidato cha pili? Hata wewe hutajua, na ndilo linaloniuma.

Umenitajia William Lukuvi, kwamba alikuwa mkuu wa mkoa, Dodoma kisha Dar es Salaam, na bado mbunge wa Isimani. Ni kweli, na mimi sioni kama ni sawa mkuu wa mkoa kukaa bungeni kuihoji serikali anayoiwakilisha mkoani. Lakini kosa la juu halihalalishi la chini. Tazama pia Dkt. Tulia Ackson: 2015 aliuacha unaibu Mwanasheria Mkuu ndipo akaingia bungeni kwa uteuzi wa Rais, na ubunge wa Mbeya Mjini akaupata 2020.

Nusu ninayokubaliana nawe ni hii: sheria inamtoa mtumishi mlangoni kisha inafunga. Uganda nao humtaka ajiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi wa wagombea. Wajerumani wamefanya vingine. Kwao mtumishi wa serikali akichaguliwa, kazi yake husimama, na ubunge ukiisha ana haki ya kuomba kurudi. Kalamu ameiweka chini, lakini hakufukuzwa nyumbani. Kwetu anayeweza kujitosa ni mwenye malori ya mbao Mafinga, siyo mwalimu. Ukifika huko Dodoma, anza na hilo. Nitakupigia kampeni kwa hilo peke yake.

Kwa sasa nakuomba mambo mawili. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri, uliza kwa maandishi, upate jibu lenye muhuri. Na usimtajie mzazi yeyote nia yako ukiwa ndani ya ofisi ile.

Pasaka ni tarehe 20 Aprili. Panda gari uje, ubebe hati ya mshahara na karatasi za mkopo. Ndizi za kupika zipo, na mume wangu ameahidi kutuachia meza.

Ndaga fijo kwa kuniamini na siri hii.

Rafiki yako wa tangu chuoni,
Tukuyu