Barua kwa mwanangu aliye Goma

Mwanangu mpenzi,

Desemba iliyopita, ulipotuambia kwamba unapenda wanaume, nilinyamaza, na boti ya asubuhi ikakurudisha Goma kabla sijapata la kusema. Mama yako alidhani nimekasirika. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka kijana mmoja aliyenijia zamani katika kituo cha afya nilichokuwa nikifanyia kazi hapa Bukavu, akilalamikia maumivu kila aendapo haja kubwa. Nilimwuliza ana wachumba wa kike wangapi. Akatazama mlango, akajibu, "Mmoja." Nikamwandikia dawa ya bawasiri. Aliporudi, mwaka ulikuwa umepita, shati likimning'inia kama limeanikwa kambani, na virusi vya UKIMWI vilikuwa vimekwisha kuudhoofisha mwili wake. Swali langu ndilo lililomfunga mdomo.

Kwa hiyo nitasema wazi, ingawa kwetu baba na mwana hawazungumzi mambo haya. Utando wa njia ya haja kubwa ni mwembamba na huchubuka upesi, ndiyo maana anayeingiliwa huwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake, japokuwa mwenzake naye hayuko salama. Kapote, yaani kondomu, hulinda, lakini usiipake mawese wala vazelini: lipulize puto, lipake mafuta, ulisugue kidogo, uone litakavyopasuka mikononi mwako. Tumia kilainishi cha maji.

Kuna pia PrEP, vidonge ambavyo mtu asiye na virusi humeza ili asiambukizwe. Humezwa kila siku, au, kwa wanaume kama wewe, kwa mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliuelekeza mwaka 2019: viwili katika muda wa saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya hivyo viwili, na kingine baada ya saa 24 nyingine. Usianze kabla hujapimwa virusi na homa ya ini aina ya B. Na kapote ikipasuka hali hutumii vidonge hivyo, usikae na aibu yako chumbani ukingoja Jumatatu. Dawa za dharura huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28.

PrEP haizuii kaswende wala kisonono. Kisonono hujificha kooni na katika njia ya haja kubwa bila dalili yoyote, na kipimo cha mkojo peke yake hakitakiona huko. Hapo ndipo uongo wa yule kijana, ambao mimi nilimlazimisha kuusema, ungeweza kukuponza wewe pia. Mwambie muuguzi ukweli. Akikukunjia uso, ondoka, tafuta mwingine siku hiyohiyo.

Ukikutwa na virusi, utabaki mwanangu, na utameza dawa. Katika utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, karibu jozi 800 za wanaume zilifuatiliwa, mmoja akiwa na virusi vilivyodhibitiwa kwa dawa, na hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake.

Nenda mkapimwe wote wawili. Ukiogopa, niite, nitapanda boti nije kuketi nawe kwenye benchi. Mama yako amefunga samaki wa sambaza mafungu mawili, na ameniagiza niandike kwamba la pili ni la mwenzako.

Baba yako