Kompyuta haikuwa na intaneti, lakini "mtandao" ulilaumiwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jibu ambalo sisi wakazi wa Dodoma tumelizoea mno madirishani: "Mtandao unasumbua." Msimu uliopita wa zabibu nililisikia katika kituo kimoja cha kununulia mazao nje kidogo ya jiji, wakulima wamepanga kreti zao juani na mashine ya stakabadhi imenyamaza. Kompyuta ile haikuwa na intaneti kabisa. Programu niliiandika mimi, na kosa lilikuwa langu.

Ndani yake mlikuwa na nyuzi mbili, yaani mifuatano ya kazi inayokwenda kwa wakati mmoja: uzi wa mizani husoma uzito na kuuweka kwenye foleni, na uzi wa kuchapa huutoa humo na kutengeneza stakabadhi. Foleni ikiwa tupu, uzi wa kuchapa hulala hadi upewe ishara. Nilikosea kuuacha uangalie foleni bila kushika kufuli, yaani kibali ambacho uzi mmoja tu huweza kukishika kwa wakati mmoja. Siku hiyo ulikuwa umekwisha kuiona foleni tupu lakini haujalala bado, na katika upenyo huo uzito ukaingia na ishara ikatolewa. Kwa kuwa ishara ya namna hiyo haiwekwi akiba, ilipotea, na uzi ukalala fofofo huku kazi ikiusubiri. Karani naye, kwa uangalifu wake, hapimi mzigo wa pili kabla stakabadhi ya kwanza haijatoka. Basi mashine ikamngoja karani, na karani akaingoja mashine.

Dawa yangu ya kwanza, ambayo naionea aibu, ilikuwa kuuamsha uzi kila baada ya sekunde 5. Dawa yenyewe ni kushika kufuli, kuangalia foleni, na ikiwa tupu kutumia amri ya kungoja, ambayo huachia kufuli na kulala kwa tendo moja lisilogawanyika, huku uzi wa mizani nao ukishika kufuli lilelile unapoongeza uzito. Uzi ukiamka, lazima uangalie foleni upya, kwa sababu uzi mwingine wa kuchapa, ukiwepo, huenda umewahi kuchukua, na katika lugha ya programu ya Java uzi waweza hata kuamka pasipo ishara yoyote. Mwanasayansi wa kompyuta C.A.R. Hoare, mwaka 1974, alitaka uzi uliopewa ishara uingie kazini papo hapo. Lugha ya programu ya Mesa, ambayo wataalamu Lampson na Redell waliieleza mwaka 1980, iliifanya ishara kuwa dokezo tu la kuangalia upya, na hiyo ndiyo desturi tuliyorithi. Semafori za mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra, njia nyingine ya nyuzi kupeana ishara, zenye jina la mikono ya ishara za reli, zenyewe huhesabu ishara, kwa hiyo ishara iliyowahi haipotei.

Kwa vijana wanaoandika programu kama hizi hapa jijini, kosa hili ni nadra kuonekana katika majaribio ya ofisini, maana upenyo wenyewe ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Wekeni makusudi ucheleweshaji wa sekunde 2 baina ya kuangalia foleni na kulala, kisha mpime kreti moja ndani ya sekunde hizo. Yangu ilikwama mara ya kwanza tu.

Mwandishi wa programu,
Dodoma