Asante, kaka wa Kisekka

Kaka uliyenisaidia Jumamosi pale Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, sikukuuliza jina, lakini shukrani zangu zikufikie.

Gari langu lilitoka Japani na redio yake ya kiwandani, ambayo FM yake inaishia 90 MHz. Stesheni nyingi za hapa Uganda ziko juu ya hapo, kwa hiyo tegemeo langu lilikuwa iPod ya zamani, yenye taarabu zote alizopenda marehemu mama. Wengine walinishauri niing'oe redio ninunue mpya. Wewe uliifungua dashibodi taratibu bila kuvunja hata kibanio kimoja, ukanionyesha tundu la AUX (la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine) nyuma ya redio, ukaunga waya wa iPod.

Spika zilipovuma kila nilipokanyaga mafuta, hukuniambia nizoee. Ulinieleza kuwa waya wa chaji na wa sauti zilikuwa na ethi (muunganisho wa bodi ya gari) mbalimbali, ukazifunga sehemu moja, kelele ikakatika. Ulikaa umeinama saa mbili nzima, kisha ukakataa pesa zaidi ya bei ya waya!

Nilisikiliza taarabu njia nzima kwenda Jinja. Msituni Mabira nililia, kaka. Mungu akubariki wewe na wanao.